Mguu wa Kushoto wa Mwalimu Vedasto

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Katubuka, walimu na wanafunzi mliokuja kumsindikiza: poleni na msiba, na asanteni kwa kuja. Familia imenipa mimi, Joanitha, mdogo wake marehemu, kazi ya kueleza alivyoishi. Nimeombwa nisome kwa upole. Nitajitahidi.

Mwalimu Vedasto Ntahondi alizaliwa Mwandiga tarehe 14 Agosti 1958, mtoto wa kwanza wa mzee Nathaniel na mama Veneranda, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Alikuwa mbishi tangu utoto. Alipopewa mbuzi wa kuchunga, alibishana na baba kuhusu njia ya kwenda malishoni, akapita yake, na mbuzi wakaingia kwenye mihogo ya watu. Baba alimuuliza, "Sasa unasemaje?" Marehemu akajibu kwamba njia ilikuwa sahihi, ila mbuzi ndio waliokosea.

Alisoma shule ya msingi hapo Mwandiga kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Kisha alipanda treni kwenda Tabora kwa masomo ya sekondari, na baadaye akarudi hukohuko kusomea ualimu, akahitimu mwaka 1981. Barua alizotuandikia kutoka huko zilikuwa za kusahihisha barua tulizomwandikia sisi.

Alianza kazi Kasulu, akifundisha biolojia. Mwaka 1987 alihamishiwa hapa mjini, na hapa alifundisha mpaka alipostaafu mwaka 2018. Waliopita mikononi mwake wanalikumbuka somo la damu kuganda. Kila mwaka alichemsha sindano, akajichoma kidole mbele ya darasa, akakiinua juu na kusema kwa furaha, "Tazameni! Chembe sahani zimefika!" Hakuna aliyeona chembe yoyote. Walichoona ni damu ya mwalimu ikichuruzika kwenye shati jeupe ambalo mke wake ndiye angelifua. Lakini walielewa kwamba ndani ya damu mna vipande vidogo mno viitwavyo chembe sahani, ambavyo hukimbilia penye jeraha, vikashikamana na kuziba tundu. Wengi walifaulu mtihani kwa sababu ya kidole kile, na wakampa jina la Mwalimu Sahani. Alijifanya kulichukia. Alilipenda.

Tarehe 20 Septemba 1986 alifunga ndoa na Melania, ambaye yuko hapa mbele yetu. Walijaliwa watoto watatu. Wifi yangu huyu aliletewa nyumbani migebuka iliyokwisha kupasuliwa na darasa zima, akaambiwa aipike kwa sababu sayansi haiharibu samaki. Aliipika. Nadhani hiyo inatosha kuwaeleza jinsi alivyompenda.

Kwenye karatasi mlizoshika imeandikwa kwamba marehemu aliugua mguu. Ni kweli, lakini familia imeniruhusu nieleze zaidi, kwa sababu tangu Jumatano yamesemwa mengi chini ya turubai hili, na mengine yamesemwa kwa sauti ya kutosha kunifikia jikoni.

Mvua za mwaka jana zilipoanza, maji yalikuwa yakituama kati ya nyumba ya marehemu na ya jirani yake Dismasi, fundi wa injini za maboti. Marehemu akaamua uchimbwe mtaro mpakani. Dismasi alimwambia, "Mwalimu, hapo ndipo tunapopita sote. Mtu ataumia." Marehemu akamjibu kwa mhadhara kuhusu mwinuko wa ardhi. Mtaro ukachimbwa, na aliyeuchimba ni yeye mwenyewe, mlimshuhudia wote mliopita barabarani. Mwezi Novemba akatumbukia humo, akavunjika kifundo cha mguu wa kushoto.

Alifungwa plasta. Daktari aliyemhudumia, Catherine, alikuwa mwanafunzi wake zamani. Alimsihi asilale tu, achezeshe vidole, ajizoeze magongo, kwa sababu damu isiyotembea huganda. Marehemu alilala kwenye kochi akitoa amri. Ukimwambia ainuke, alikuuliza kama wewe umesomea mifupa.

Mwezi Januari plasta ilitolewa. Baada ya muda mfupi mguu ukavimba kuanzia chini hadi pajani, ukawa wa moto. Baba yetu mdogo Jeremia alikuja kutoka Mwandiga, akautazama, akasema, "Huyu amekanyaga kitu. Muulizeni jirani aliweka nini kwenye mtaro." Kwa hili nampongeza kaka yangu, kwani ingawa alikuwa na maumivu makali aliinuka kwenye kochi na kusema, "Baba mdogo, kilichokuwemo kwenye mtaro ni mimi." Dismasi ndiye aliyewasha pikapu yake akampeleka hospitali.

Kipimo kilionyesha bonge la damu kwenye mshipa wa paja, ule unaorudisha damu kwenye moyo. Alichomwa sindano, akapewa vidonge vya kuzuia damu isigande, na Daktari Catherine akamwambia asiviache mpaka yeye mwenyewe atakapomruhusu. Mguu ukapungua. Tukashukuru Mungu. Tuliwahi mno kushukuru.

Mwezi Februari, alipokuwa anapiga mswaki, fizi zilitoka damu kidogo. Hakumwambia daktari. Aliviweka vidonge pembeni, akaenda duka la dawa, akarudi na aspirini. Wifi alipogundua alinipigia simu nikatoka Ujiji haraka. Nilimkuta ametulia kabisa.

"Aspirini inazituliza chembe sahani," aliniambia. "Chembe sahani ndizo zinazogandisha damu. Nimefundisha jambo hili maisha yangu yote, Joanitha. Wewe umeuza vitenge."

Tulimbeba mpaka kwa daktari, mimi na Melania, mmoja kila upande.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Catherine.

"Marahaba. Waeleze hawa kazi ya chembe sahani."

Yule binti alivuta kiti akakaa karibu naye. "Mwalimu, ulichotufundisha ni kweli. Ukijikata, chembe sahani zinatangulia. Hata kwenye mishipa inayotoka kwenye moyo, damu inakokwenda kwa kasi, bonge likitokea zenyewe ndizo zinazoongoza, na huko aspirini inasaidia sana. Lakini bonge lako liko kwenye mshipa wa kurudi. Damu ilizubaa humo. Kule, kinacholifunga zaidi ni protini za damu, zinafuma nyuzi kama wavu, na wavu unanasa chembe nyekundu. Vidonge nilivyokupa vinazuia wavu usifumwe."

"Kwa hiyo chembe sahani hazimo?"

"Zimo, Mwalimu. Zinashika ukuta wa mshipa, zinaita chembe nyeupe, zinachochea ule wavu. Watafiti wanaendelea kugundua kwamba zinahusika kuliko tulivyodhani."

"Umesikia?" marehemu alinigeukia. "Zinahusika!"

"Zinahusika, lakini ukizizuia hizo tu, wavu unaendelea kufumwa. Aspirini ina kazi yake, ila kwa sasa si kazi hii. Fizi zikitoka damu, njoo tuzungumze, tutapima, tutarekebisha. Usiache dawa. Likimeguka hilo bonge litapanda mpaka kwenye mapafu." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mwalimu, nakuomba."

"Nimekuelewa, Daktari," alisema marehemu, akampa mkono kwa heshima zote.

Akarudi nyumbani akaendelea na aspirini. Alitafuta kwenye simu makala inayosema chembe sahani zinahusika na damu kuganda kwenye mishipa ya kurudi, akamtumia kila mtu, hata padri. Mimi alinitumia mara mbili. Alikuwa amepata nusu ya ukweli, akaikumbatia kama ndiyo yote. Melania alimwekea vidonge kando ya chai. Aliomba, alinuna, alilia. Marehemu alikunywa chai.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, alikuwa ananawa uso uani. Melania alisikia beseni likianguka. Alimkuta ameshika kifua, pumzi haitoshi. Alipiga kelele, na aliyeruka ule mtaro kabla ya mwingine yeyote ni Dismasi. Alimbeba mwalimu kama mtoto, akampakia kwenye pikapu, wakakimbia. Njiani marehemu alijaribu kuzungumza. Melania aliyekuwa amempakata anasema maneno aliyoyasikia ni haya: "Dismasi... ufukie." Dismasi akajibu, "Sawa, Mwalimu, nitaufukia. Usiongee." Walipofika hospitali alikuwa amekwisha kukata roho. Daktari Catherine alitueleza kwamba bonge lilimeguka mguuni, likapanda, likaziba njia ya damu kwenye mapafu. Kisha akatoka nje, akaegemea ukuta, akalia.

Hicho ndicho kilichomuua kaka yangu. Nimekasirika, sifichi. Nimemkasirikia yeye aliyelala hapa, ambaye siwezi tena kumgombeza akasikia. Lakini jana mchana yalitokea ya kunikasirisha zaidi. Dismasi alikwenda makaburini kusaidia kuchimba, na mtu wa ukoo wetu akamnyang'anya jembe mkononi, akamwambia aliyeua hachimbi. Dismasi aliondoka, na leo amesimama kule nje, barabarani, kama mpita njia.

Baba mdogo Jeremia, shikamoo. Wewe ndiye mkubwa wetu aliyebaki, na sitakukosea adabu mbele za watu. Lakini marehemu alikujibu mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa hai. Hakuna aliyeweka kitu. Ukitafuta wa kumlaumu, ni marehemu mwenyewe: alikuwa mkaidi, tulimpenda, na tumeshindwa naye. Na ninyi vijana, aliyeambiwa ana bonge la damu anywe dawa aliyopewa mpaka daktari aseme basi. Mkiwa na ubishi, upelekeni kwa daktari, msibaki nao nyumbani.

Marehemu ameacha mjane, Melania, watoto watatu, Erasto, Happiness na Winfrida, wajukuu, mimi dada yake, na wanafunzi ambao hata yeye hakuweza kuwahesabu. Ameacha pia jirani. Melania amesema jeneza halitoki katika nyumba hii mpaka jirani huyo alishike.

Mungu ampokee Mwalimu Vedasto na ampe utulivu ambao sisi wote tulishindwa kumpa. Alale salama.

Dismasi, usisimame huko barabarani. Njoo ushike mbele, pamoja na Erasto.