Karatasi Moja ya Bi Atija

Tarehe 30 Juni 1988 Bi Atija Ussumane anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kazi hapa Mocímboa da Praia, kumi na mmoja kati yake akiwa mpiga taipu wa Ushirika wetu wa Walaji. Alianza enzi ya Wareno, akifagia ofisi, na taipu alijifunza kwa kumchungulia karani. Karani huyo aliondoka 1975 na funguo za makabati. Bi Atija akabaki na kazi.

Wakuu wamepanga kumsifu kwa "unyenyekevu". Wanaomjua watacheka.

Mwaka 1979 tuliambiwa tupate wanachama mia ifikapo Septemba, la sivyo duka lifungwe, na sabuni, mafuta na kanga vipelekwe kwingine. Mkurugenzi wetu, Kamarada Bernardino, aliyeletwa kutoka kusini, akaandika kijitabu cha kuwaita watu: kurasa kumi na sita za Kireno, tano kati yake hotuba yake mwenyewe. Siku ya kwenda dukani kujiandikisha haikutajwa.

Bi Atija aliuliza kikaoni, "Kamarada, mama wa hapa atakisomaje?"

"Atajifunza," akajibiwa. Sote tukapiga makofi, maana hiyo ndiyo kazi tuliyoiweza.

Akina mama walikipokea kwa adabu, wakatumia kurasa zake kufungia njugu sokoni. Kwa miezi miwili walijiunga watu watatu, mmoja wao mpishi wa mkurugenzi.

Bernardino alipokwenda semina Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, Bi Atija alichapa karatasi moja tu. Upande huu Kiswahili. Upande wa pili, kwa mkono, maneno yaleyale kwa herufi za Kiarabu, ambazo mama zetu walizisoma utotoni chuoni, walikofundishwa Kurani. Akachora sabuni na kanga, akaandika: njoo Jumamosi, muulize Zaida, muuzaji wa duka, leta jina lako. Akatoa nakala, akazigawa sokoni. Walikuja wanawake mia na kumi na wawili.

Mkurugenzi alirudi amefura. "Nani amekuruhusu kuleta mambo ya chuoni humu?"

"Hakuna," alisema Bi Atija. "Ila foleni iko nje, kamarada, na wewe umesimama mlangoni."

Akahamishiwa stoo miezi minane. Ripoti iliyokwenda mkoani ilisema kijitabu cha mkurugenzi kimefaulu, na Bernardino akapandishwa cheo. Ripoti hiyo niliiandika mimi, nikijua ni uongo.

Bi Atija, nakuomba radhi mbele ya hawa waliopiga makofi. Ahsante kwa kutuokolea duka. Nenda nyumbani na siha yako, uishi miaka mingi kwa raha.

Jacinto, karani