Nzi Aliyeota Mabawa Gatongora

Benchi letu la Gatongora, hapa Ruiru, limekaa kati ya kibanda cha Njau fundi viatu na bucha, kwa hivyo upande mmoja unasikia harufu ya gundi na upande wa pili harufu ya matumbo. Mbula huleta kahawa ya tangawizi kwenye chupa yake kubwa, nasi tunakunywa na kubishana mpaka iishe. Mtaa mzima huacha funguo na mizigo hapa, maana Njau hajawahi kupoteza kitu cha mtu. Siku hiyo dereva wa gari la Nyeri alikuwa ameacha kichupa cha Nyawira, mpwa wa Njau, anayesomea wadudu chuoni Juja. Nyawira alikuwa bado kambini mlimani, akahofia kitavunjika kati ya mahema, akakitanguliza. Ndani ya spiriti alielea nzi mmoja, mdogo kuliko punje ya mtama. Kwa simu msichana alimwambia mjomba wake kichupa kisifunguliwe na mtu yeyote. Kwa watu wa benchi letu, hapo ni kama alikuwa ametuma mwaliko.

Aliyekiinua kwanza ni Kinuthia. Tunamwita Profesa kwa sababu kila wiki anasimulia jinsi alivyokosa kidogo tu kuingia chuo kikuu.

PROFESA: Njau, hii nzi iko na shida. Haina mabawa.

NJAU: Iko nayo, lakini ni vipande tu. Nyawira amenieleza. Huko juu upepo ni mwingi, ukiruka unatupwa mbali ufe na baridi. Sasa hawa waliachana na kuruka. Wanatembea tu chini ya mawe.

SPANA: Mdudu akili mingi. Mimi pia nimeacha pikipiki.

Spana ni mzee Mohanlal. Aliuza misumari na spana Thika mpaka wanawe wakamstaafisha kwa nguvu, na bado anatembea na kioo chake cha kukuzia mfukoni.

MBULA: Na ndiyo imefanya msichana wa watu alale kwa baridi wiki mzima?

NJAU: Sikiza basi. Hawa wanajulikana Mlima Kenya peke yake. Huyu amemtoa Nyandarua! Mwalimu wake anasema haiwezekani, ati amechanganya vichupa. Kesho anaenda kumwekea kwa meza aangalie na macho yake. Na ako mmoja tu. Akipotea huyo, miaka mbili ya masomo imeenda.

PROFESA: Hata mimi nakubaliana na mwalimu. Kutoka Mlima Kenya mpaka Nyandarua bila mabawa, alifikaje?

MBULA: Ndovu. Alikaa ndani ya sikio, ndovu akavuka.

SPANA: Ndovu hapana. Zamani katikati yote hapa ilikuwa baridi. Alitembea pole pole. Babu alianza, mjukuu akafika.

PROFESA: Atembee avuke Nyeri yote? Huyo alipanda lori ya viazi.

MBULA: Nzi gani anakula viazi mbichi?

PROFESA: Basi ni wazungu. Leo wanapanda mlima huu, kesho ule, na soksi ni ile ile. Wanaenda kuangalia maua ya lobelia, kumbe kwa soksi kuna harusi ya nzi!

Mbula alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kosa lilikuwa hapo, kwa sababu Profesa akichekewa huwa hasimami tena. Njau alikuwa ameingia ndani kumtafutia mteja viatu vyake.

PROFESA: Mimi nawaambia huyu ako na mabawa, tena kubwa. Spiriti imeyagandisha kwa mgongo. Akikauka yatafunguka.

SPANA: Njau amekataa.

PROFESA: Nasaidia msichana! Nzi akiwa na mabawa, mwalimu hatauliza alivukaje. Lete kioo.

Na Spana, mtu mzima, akatoa kioo. Profesa alimwopoa nzi kwa sindano ya Njau, akamlaza kwenye kifuniko cha rangi ya viatu. Kando yake kilikuwa kiatu cha kushoto cha Profesa mwenyewe, kimepinduliwa na kupakwa gundi, kinangoja soli. Tuliinama wote, hata mimi. Ndipo likapita lori la mawe ya Ndarugo, likatuvurumishia upepo na vumbi. Tulipofumbua macho, kifuniko kilikuwa kitupu.

MBULA: Haiya! Ameruka!

SPANA: Bila mabawa.

Njau alitoka, akatazama kifuniko, akatutazama sisi. Nilimwonea huruma, maana mtu huyu hata mwavuli wa mgeni alikuwa hajawahi kuupoteza. Profesa alivua kofia, akaingia bucha, na dakika si nyingi kichupa kikawa na nzi tena.

SPANA: Huyu mnono sana.

PROFESA: Ni hewa ya Ruiru. Mtu yeyote akishuka kutoka Nyeri hunona.

Nyawira alifika jioni, matope mpaka magotini, anatabasamu. Alikiinua kichupa kwenye mwanga. Tabasamu likafifia polepole.

NYAWIRA: Anko, huyu ameota mabawa saa ngapi?

Mbula alijazia vikombe ambavyo bado vilikuwa vimejaa.

NJAU: Tumempoteza, mami. Nisamehe.

Nyawira hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi letu akalia. Tulishuka chini, wazee wazima kwa magoti, tukaanza kupekua vumbi. Mwenye bucha alichungulia akatukaribisha ndani tuchague nzi tumtakaye.

SPANA: Iko! Iko hapa! Amekanyaga gundi!

Kweli. Kwenye wayo wa kiatu cha Profesa, katikati ya gundi, alisimama nzi wa mlimani na vishina vyake vya mabawa, miguu yote imenasa. Profesa alinyoosha vidole.

NYAWIRA: Usiguse! Ukimvuta, miguu itabaki kwa gundi. Nitamtoa na dawa huko maabara, mguu mmoja mmoja. Naenda na kiatu yote.

PROFESA: Kiatu yangu?

NYAWIRA: Yako.

Njau alitafuta boksi zuri kuliko yote, akalitoboa, akalitia kamba, akamkabidhi mpwa wake kwa mikono miwili. Nyawira aliondoka kuelekea Juja akilipakata kama mtoto, analia na kucheka kwa pamoja. Njau akapumua kwa mara ya kwanza tangu lori lipite.

Profesa alibaki amekunja mguu wa kushoto juu ya benchi, soksi imetoboka kidoleni. Mbula aliitikisa chupa. Kahawa ilikuwa imeisha. Wakati huo Ngigi wa boda akaegesha pikipiki.

NGIGI: Niaje wazee. Profesa, kwani kiatu ingine iko wapi?

Profesa alivuta soksi ikafunika kidole.

PROFESA: Imeingia chuo kikuu. Mimi nimebaki kwa geti.