Mkono Unaoruka Wenyewe

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Mimi, dada. Simu ya mteja hii. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Mbona saa hizi? Niko ofisini kwa walimu, kengele inakaribia.

FUNDI: Ile karatasi ya kliniki ya moyo unayo wewe? Nataka namba yao tu.

DADA: Miadi yako si mwezi ujao? Kuna nini?

FUNDI: Hakuna— Mkono wa kushoto unaruka wenyewe. Tangu asubuhi nashindwa kutia uzi sindanoni.

DADA: Unaruka vipi?

FUNDI: Kama mtu anauvuta kwa kamba. Na kile kifaa cha moyo walichonipandikizia kifuani kinalia. Siku ya tatu leo, saa ileile.

DADA: Siku tatu, umenyamaza?

FUNDI: Dada, usinikalie kooni—

DADA: Haya. Sema polepole, mtandao unakwaruza. Ulianguka? Uligongwa?

FUNDI: Hapana. Nimekuwa nikikizungusha.

DADA: Unazungusha nini?

FUNDI: Kifaa. Kinageuka chini ya ngozi, kama kifungo kilicholegea. Nikiwa na mawazo, vidole vinakwenda huko.

DADA: Na waya zake zimeingia moyoni, unajua—

FUNDI: Najua. Nadhani zimevutika, ndizo zinazorusha mkono.

DADA: Sasa kwa nini?

FUNDI: Hakijawahi kukupiga wewe. Siku ile kilinipiga shoti nne nikiwa nampima mtu kiuno. Kazi yake ni kuushtua moyo ukienda kombo, lakini ulikuwa unadunda vizuri tu. Daktari akasema kilikosea, akakirekebisha, akanipa pole. Mimi tangu hapo nalala nikikisubiri.

DADA: ...Ulitaka kitoke.

FUNDI: Nilitaka nilale tu, dada.

DADA: Mimi ndiye niliyekubembeleza uwekewe.

FUNDI: Sijasema hivyo.

DADA: Hujasema. Lakini tulishamzika baba kwa maradhi hayahaya ya moyo, mdogo wangu.

FUNDI: Ndiyo maana nimekupigia.

DADA: Mkono uko wapi sasa hivi?

FUNDI: Nimeuondoa kifuani.

DADA: Kaa chini. Huyo mteja asikuache peke yako.

FUNDI: Anakusikia. Anasema ana gari hapo nje.

DADA: Mungu ampe heri. Moja kwa moja kliniki. Uwaambie umekizungusha, usiwafiche kama ulivyonificha mimi.

FUNDI: Watanipasua tena?

DADA: Huenda.

FUNDI: [mkwaruzo] Na kipindi chako?

DADA: Mwalimu mwenzangu atakishika. Nishavaa viatu.

FUNDI: Naogopa, dada.

DADA: Hata mimi. Ingia garini.

FUNDI: Salio la watu linaisha. Nikifika nita—

DADA: Ukifika utanikuta. Nenda.