Kiti cha Mgeni wa Achamma

Marehemu dada yetu Achamma, binti wa Kuriakose na Mariam, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 hapa Ramapuram, katika nyumba hii hii tuliyokusanyika uani kwake leo, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Baba alikuwa akigema utomvu kwenye shamba hilo la miti ya mpira mnaloliona nyuma. Utotoni Achamma hakujua kutulia. Hata muhogo na samaki alikula amesimama, mpaka Mama akawa anamuuliza kama amekalia siafu. Mungu anisamehe, mimi mdogo wake Rahelamma huwa najiuliza kama kuna mtu huko juu aliyemwona siku hizo, akadhani mtoto huyu hahitaji kiti.

Alisoma shule ya masista wa parokia yetu, akamaliza mwaka 1970. Mwaka uliofuata alikwenda Mangalore kusomea uuguzi. Shangazi yetu alikuja mbio kumkanya Baba: ampeleke binti akaoshe wanaume wasiomhusu, halafu nani atamuoa? Baba alimuuliza kwa upole kama yeye siku akiugua angependa kuoshwa na wakwe. Shangazi alinuna mwezi mzima. Aliugua mwaka 1988, na aliyemwosha mpaka mwisho ndiye huyu aliyelala hapa mbele yetu.

Mwaka 1975 marehemu aliajiriwa katika hospitali moja binafsi ya mjini, ambayo sitaitaja kwa sababu mwenyewe alinikataza. Alipewa wodi ya wanaume, vitanda arobaini, wauguzi wawili. Glavu zilifuliwa, zikaanikwa kamba moja na mashuka, zikavaliwa tena. Kiti cha muuguzi hakikuwapo. Daktari akiingia, muuguzi asimame wima. Na daktari akishatoka, metroni alisema kiti kinazaa uvivu. Achamma aliomba kiti kwa mdomo, akaomba kwa barua, akajibiwa kwamba kazi yake ni wito. Basi siku moja akabeba kiti cha jikoni kutoka nyumbani, akapanda nacho basi, watu wakamcheka njia nzima wakimuuliza kama anahama. Kufika saa sita mchana kiti kimechukuliwa, kimewekwa chumbani kwa daktari. Hakukiomba tena. Alikwenda tu kumwambia daktari, "Mgonjwa akiniona nimekaa hafi. Nikianguka mimi ndipo atakufa." Kwa maneno hayo hakupandishwa cheo hata mara moja hadi alipostaafu mwaka 2011, na wasichana aliowafundisha kutafuta mshipa wa mkono walikuja kuwa wakubwa wake. Siku ile kiti kilipochukuliwa, Mama alikula akiwa amesimama jikoni, akituambia hana hamu ya kukaa. Jikoni kwetu kulikuwa na kiti kimoja tu.

Marehemu hakubahatika kuolewa. Posa zilikuja mbili. Ya mwaka 1979 ilikuwa ya mwalimu kutoka Pala, mtu mzuri, ila mama yake alitaka Achamma aache kazi, na watu waambiwe alikuwa karani. Ya mwaka 1984 ilikuja mambo yamegeuka, kila kijana anatafuta mke muuguzi atakayempeleka Uarabuni. Kijana huyo aliuliza habari za viza kabla hajaonja chai. Dada alinisimulia huku akikaanga samaki. "Wa kwanza alinitaka mimi bila kazi yangu," akasema, "na huyu anaitaka kazi bila mimi." Tulicheka sana. Baadaye nikamwona amegeukia ukutani, nami nikajifanya natafuta chumvi.

Baada ya Mama kufariki alibaki peke yake katika nyumba hii. Kaka yetu Mathai yuko Kanada, mimi nipo Pune na mume asiyeweza kuinuka kitandani. Tulipiga simu. Lakini simu haikai na mtu mezani. Aliniambia kupika wali wa mtu mmoja ni kazi ngumu kuliko kupika wa harusi, maana kila siku unabaki. Alikuwa mpweke, ndugu zangu. Mlioandika programu ya mazishi mlitaka niseme alipenda utulivu. Hakuupenda.

Miguu yake ilianza kuvimba mapema, mishipa ikajikunja, vidonda vikaja visivyopona. Kisha figo zikachoka. Januari mwaka huu wa 2024 alilazwa katika hospitali ile ile, jengo jipya, vioo kila mahali. Pembeni mwa kila kitanda pana kiti cha mgeni. Cha wauguzi bado hakipo. Kila muuguzi aliyekuja kumpima alimwambia, "Hiki ni cha mgeni, mwanangu, nami sina mgeni. Keti." Wengi waliogopa. Sijimol, binti wa miaka ishirini na minne, alikaa. Msimamizi akamkuta, akaanza kumfokea mbele ya wagonjwa. Achamma akajiinua kwenye mto.

"Huyo ni mgeni wangu," akasema. "Saa za kuona wagonjwa hazijaisha."

Sijimol alikatwa mshahara wa siku hiyo. Jumapili, tarehe 18 Februari, hakuwa zamu, akaja akiwa amevaa nguo zake za kawaida, na mlangoni akaandikisha jina lake kama wageni wengine. Alikuwa kwenye kiti kile, ameushika mkono wa marehemu, dada alipokata roho saa tisa alasiri. Mimi nilikuwa bado kwenye treni.

Marehemu ameacha kaka mmoja, Mathai. Mdogo wa kike mmoja, ambaye ni mimi. Na wapwa wanne walioko mbali. Karatasi mlizoshika zinaishia hapo.

Lakini safu hii ya mbele imepangwa viti vya mume na watoto, na tangu asubuhi viko wazi, siwezi kuvitazama. Na kule nyuma, chini ya miti ya mpira, nawaona wauguzi mliotoka zamu, mmesimama na sare zenu. Sijimol, njoo. Njooni nyote. Hapa hakuna metroni. Ketini, ninyi ndio watoto wake.

Naye dada yetu amesimama vya kutosha. Bwana ampe kiti karibu naye, akae kwa amani.