Maelezo Ambayo Kaka Yetu Mpima Ardhi Hakuyatia Sahihi

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Tepu, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1956, kifungua mimba wa baba karani wa stesheni na mama mkunga. Akiwa na miaka minane alimgawia mdogo wake wa kike, anayewasomea haya, nusu ya kitanda kwa mstari wa chaki. Nusu hiyo kila siku ilikuwa ndogo, na ukilalamika alikujibu, "Vipimo havidanganyi, we lala."

Alimaliza sekondari mwaka 1973, akaingia chuo cha upimaji ardhi na kuhitimu mwaka 1976. Baba alikitundika cheti sebuleni, juu ya redio, mgeni asipate pa kukwepea.

Aliajiriwa ofisi ya ardhi mwaka 1977, akastaafu mwaka 2016 bila kuchelewa kazini hata siku moja. Machi 2003 alitumwa kupima msitu wa wenyeji asilia, warina asali. Walimtembeza siku nane, wakamwonyesha mizinga, chemchemi na makaburi ya wazee wao. Siku ya mwisho aliwaomba waweke dole gumba kwenye karatasi ya mahudhurio, wakaweka watu arobaini na mmoja. Ofisini karatasi ile ilibanwa nyuma ya barua iliyosema wameridhia kuhama. Kaka aliiona, akanyamaza. "Mimi kazi yangu ni kupima tu," alimwambia mkewe. Uzio ukajengwa, wenyeji wakabaki nje.

Mke huyo, wifi yetu fundi cherehani, alimwoa tarehe 8 Disemba 1984. Wifi hakumwacha apumue juu ya jambo lile. Mwaka 2017 kaka alifunga safari kwenda kuomba radhi. Mama mrina asali, mkubwa wao, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Sisi tulishajua zamani. Kawaambie wenzako."

Alirudi amenywea. Wenyeji walipofungua shauri kwenye baraza la ardhi, aliwaandikia maelezo ya kurasa nne, ikabaki sahihi tu. Kwanza asubiri binti aolewe. Kisha asubiri mkuu wake wa zamani astaafu, asije akamwaibisha. Wenyeji walituma mtu mara tatu, na mara tatu akajibu, "Wiki ijayo." Jamani, mtu wa saa na dakika yule! Inatuuma mpaka leo.

Januari mwaka huu figo zilimlaza hospitalini. Jumapili iliyopita aliomba kalamu, ikamponyoka. Wifi alitaka kumshikia mkono, akakataa: "Watasema nimeandikiwa. Kesho nitapata nguvu." Alifariki kesho yake, tarehe 11 Machi 2024, saa nne asubuhi. Shauri ni Alhamisi ijayo, na baraza limeshasema karatasi isiyo na sahihi haipokelewi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na mdogo wake huyu. Mama mrina asali na watu wake sita wameketi pale nyuma. Wamekuja kuzika, hawajatudai neno.

Basi wenzake wa ofisi ya ardhi, mlioketi hapa mbele, familia inawaambia kwa niaba yake: wale watu hawakuridhia. Kaka yetu alijua, na kuanzia leo mmejua nanyi. Mungu amsamehe, ampumzishe kwa amani.