Munkoyo Waliokataa Kunywa Siku ya Salongo

Ndugu zangu, sifa kwa Bwana! Itikeni kwa nguvu, maana siku hizi hata "amina" naisikiliza mara mbili.

Mnajua nakaa pembezoni mwa mji, upande wa barabara ya Kasumbalesa. Kiangazi hiki moto wa majani ulitoka porini ukala nyumba za majirani. Ulipofika ukutani kwangu, upepo ukageuka. Nilipiga magoti nikashukuru, kumbe ndipo taabu ilipoanza!

Papa Anaclet, jirani yangu aliyeunguliwa paa na kitanda, alisimama mbele ya watu akauliza: "Ni moto ya namna gani inachagulaka manyumba?" Mimi ni mjane, wazazi wangu walitoka mbali, Kasai, kwa hiyo huku bado naitwa mgeni. Basi wakasema nina dawa ya kwetu ya kugeuza moto, wakaanza kunong'ona nihamishwe. Nihamie wapi na watoto, ndugu zangu? Nami nikawashuku wote. Mtu akikohoa nyuma ya ukuta, nilidhani amekuja kunichomea.

Jumamosi tukaitwa salongo, kazi ya pamoja, tuondoe majivu na mabati yaliyoungua. Nilileta ndoo ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Nikamimina, nikaonja kwanza mbele ya wote, kama desturi, waone hauna sumu. Hakuna aliyenyoosha mkono! Midomo imewakauka, lakini kwangu hawanywi.

Nikachukua reki nikaenda peke yangu upande wa porini, moto ulikoanzia. Huko nikakuta mashimo ya panya yamefukuliwa, na ndani ya majivu jembe ambalo mpini wake umeungua. Nililijua kwa ile alama ya kulehemu. Nimeliazima mara nyingi kwa Papa Anaclet! Mtu anawasha majani ili panya wa kitoweo watoke, nani hapa hajui?

Hasira ikanipanda. Nililibeba hadi katikati ya watu, kinywa kiko wazi tayari. Nikaomba: Bwana, shika ulimi wangu! Nikaliweka chini kando ya ndoo. Papa Anaclet akalitazama, akanitazama. Sasa alikuwa ananiogopa kwa sababu ya kweli.

Akachukua kikombe changu, akanywa chote. "Ni mie njo nilichoma majani," akasema. "Nilikuwa natafuta panya. Mama hana na kosa."

Haleluya! Bwana alinitetea kwa kinywa cha mshitaki wangu! Jumamosi iliyofuata tulimwezekea nyumba, na mimi nilishika bati.

Sisemi mashaka yameisha. Juzi mama mmoja alinusa kikombe changu kabla ya kunywa, nikamwona. Lakini wewe unayeshukiwa bure, mwachie Mungu kesi yako, usihame.

Ndoo ya munkoyo iko pale mlangoni mwa kanisa, ndugu zangu. Nitaonja mimi kwanza. Halafu nitasimama hapohapo, niangalie ni nani ameamini ushuhuda huu.