Mzee Pimamaji na Mfereji wa Safu ya Chini

Ndugu, jamaa na majirani, mimi kifunguamimba nimepewa kazi ya kuwasomea safari ya baba yetu, na Mama ameniagiza nisimfanye malaika, kwa sababu mliomjua mpo na mtacheka.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akamaliza shule ya msingi mwaka 1966 na chuo cha ufundi mwaka 1970, kisha akaajiriwa katika kampuni ya ujenzi, ambako kwa kubeba pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, hata harusini alipata jina ambalo wengi wenu mnadhani ni la ukoo. Alimuoa Mama tarehe 7 Agosti 1976, wakajaliwa watoto wanne, na sote tuko hapa.

Mwaka 1987, akisimamia kusawazisha viwanja vya mtaa wetu, mtaa mpya uliopangwa ukapangika, Baba alikosea, akauelekeza mteremko wa safu ya juu nyuma ya nyumba za safu ya chini, maji yakatuama kwenye misingi, na wenye nyumba wakawa wanaziba ufa kila mwaka kama methali inavyoagiza, lakini ukuta wakajenga vilevile, maana ugonjwa ulikuwa nje, ardhini. Mwingine angehama mji, yeye alinunua nyumba iliyopasuka kuliko zote, akatuhamishia humo tarehe 2 Januari 1989, na Mama akamkumbusha kwamba aliolewa na fundi, hakuolewa na bata.

Ili maji yapate njia, kila jirani alipaswa kutoa ukanda wa ua wake, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana mwalimu wa safu ya juu alipenda maua yake kuliko wageni, na fundi cherehani alikuwa ameinua ua wake kwa matofali hadi maji yote yakamhamia jirani. Baba alibisha hodi miaka miwili, akianza kila mara kwa kusema kosa ni lake, mpaka mmoja mmoja wakalainika, nyua zikachongwa ziinamie mbali na kuta, mfereji ukachimbwa, na mvua ya tarehe 11 Aprili 1991 iliponyesha, watu wazima walitoka na miavuli kuyashangilia maji yakienda zake, mwalimu akicheza matopeni. Sijawahi kumwona Baba na furaha kama ile.

Aliugua moyo Septemba 2022, akafariki tarehe 19 Mei 2024, kitandani kwake, katika nyumba ile ile, kuta zikiwa nzima.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, nanyi majirani mliomsamehe na kumpa ukanda wa ua.

Pumzika kwa amani, Baba, na mvua ikija usiinuke, mfereji tutauzibua sisi.